Sura ya Tisa: Harufu ya Shati la Daimu

Asubuhi ile Songea ilikuwa na baridi ya kukata masikio, na Valence Kapinga hakumkaribisha mgeni wake kiti. Mgeni akajikaribisha mwenyewe. Alivuta kiti, akakaa, akabwaga mkoba wake mezani, juu kabisa ya makaratasi ya mwenye ofisi.

"Inspekta Walburga Hyera, Kikosi cha Upelelezi wa Mpaka. Nimeambiwa una nyumba inayovuja."

"Ninayo. Na nilimwomba afande Fulgence mpelelezi. Sikumwomba mwalimu wa kwaya."

Walburga alimtazama bila kupepesa. Katika kazi ile alikuwa ameitwa mengi, na mwalimu wa kwaya lilikuwa karibu na sifa.

Nyumba iliyovuja ilikuwa hiyohiyo waliyokaa, nyumba ya kupanga pale Msamala yenye geti la bluu na kibao cha Kituo cha Sauti Moja. Tangu ndege za muungano wa majeshi ya kigeni zianze kuwapiga mabomu waasi wa ng'ambo ya Ruvuma, kila neno la serikali kuhusu mabomu hayo lilipikwa humo. Msemaji wa jeshi, msemaji wa mkoa na msemaji wa polisi walipewa sentensi moja, wakaimeza, wakaenda kuitema kila mmoja kwenye redio yake kana kwamba kaitunga yeye. Valence ndiye aliyekuwa mpishi mkuu, na alijiona hasa, na suti yake na skafu ya sufu shingoni.

Sentensi ya wiki ile kila mtu mjini alikuwa anaijua kwa moyo: ndege zimeteketeza kiwanda cha mabomu cha waasi kijijini Mtotela, upande wetu wa mto, wavamizi wanne wameuawa, mmoja amekamatwa akiwa hai, na harufu ya baruti imetanda eneo zima. Kituo kilitoa na video fupi iliyopigwa na kamera ya ndege. Kumbe siku iliyofuata video nyingine ikaanza kuzunguka kwenye simu za watu, ndefu kuliko ile, na wenye simu wakaanza kuuliza maswali.

"Nataka jina la aliyeivujisha kabla ya alasiri," alisema Valence. "Alasiri tunaita waandishi, tunamwonyesha mtuhumiwa na vielelezo vyake. Jioni anapandishwa ndege, anaondolewa nchini."

"Anapelekwa wapi?"

"Wanakopelekwa wenzake. Hujawahi kumwona aliyerudi, wala hutamwona."

Ng'ambo ya ukuta mashine ya kusaga ikaanza kunguruma. Kikombe kikatetemeka kwenye kisahani, na Valence akalazimika kupaza sauti kama mpiga debe.

"Nimewalalamikia mpaka nimechoka! Ofisi zote za nyumba hii zina utulivu, ila hii yangu!"

"Wasemaji wako watatu wamesema harufu ya baruti," Walburga naye alipaza sauti. "Nani kati yao alifika Mtotela?"

"Hakukuwa na haja ya kufika."

"Basi nani aliyeinusa hiyo harufu?"

Valence alikunja uso. "Shati la mtuhumiwa lililetwa hapa. Tulilinusa sote. Na wewe hukuja kuhoji sentensi zangu, umekuja kumkamata mwizi. Anza na Careen, yule binti wa kuhariri picha. Ana mdomo mrefu na kazi haipendi."

*

Careen Nyoni alikuwa na mdomo kweli.

"Kama umekuja kunipekua, nipekue, maana mlishanipekua mpaka soli za viatu," alisema bila kugeuza kiti. "Simu yangu iko kwenu tangu juzi. Mama yangu kule Madaba anadhani nimekufa."

"Simu yako nimeisoma. Umefuta ujumbe mwingi mno usiku ule video ilipotoka."

"Nilikuwa naachana na mtu. Nitunze matusi yake niyafanyie nini?"

Walburga alikuwa ameshamtafuta huyo mtu, naye matusi yake alikuwa ameyatunza yote. Njia hiyo ilikuwa imeishia ukutani, ila hakuona sababu ya kumpa Careen raha ya kujua.

Chumba cha kuhariri kilikuwa nyuma kabisa ya nyumba. Kuta zake zilikuwa zimebandikwa magodoro kuukuu kutoka sakafuni hadi dari, kwa ajili ya kurekodia sauti. Walburga alitoa simu yake, akaichezesha ile video iliyovuja. Aliyeiiba alikuwa ameirekodi kwa simu akiwa mbele ya kioo cha kompyuta; kingo za kioo zilionekana. Chini ya picha ulisikika mngurumo mzito, kisha mngurumo ukapungua, ukafifia, ukakata.

"Watu mtandaoni wanasema hiyo ni ndege," alisema Walburga.

"Watu mtandaoni hawajui kitu. Kamera ya ndege hainasi sauti. Video iliingia hapa bubu, ikatoka bubu."

"Basi huo mngurumo ni wa chumba alichokaa aliyerekodi."

Careen akageuza kiti kwa mara ya kwanza. Walburga alifunga mlango, akasimama akasikiliza. Kimya. Magodoro yalikuwa yamemeza kila kitu. Alifungua mlango, na kwa mbali kabisa akasikia mashine ya kusaga ikiendelea na kazi yake mbele kule.

"Video nzima inafunguka kwenye kompyuta ngapi?"

"Yangu," alisema Careen, kisha akasita. "Na ya bosi. Nyingine hazina ruhusa."

"Haya, nifungulie nzima. Na uniambie nani alikuamuru uikate."

"Bosi, nani mwingine? Alisimama hapohapo uliposimama, akasema kata juu, picha ibaki na watu tu. Nikamwambia bosi, hiyo juu ni miti mitupu haina shida. Akanijia juu kama nimemtukania mama yake."

Careen akafungua. Walburga akainama mbele ya kioo na akasahau baridi.

Katika ile video fupi ya serikali, watu walikuwa wa kutisha. Nyuso zimefungwa vitambaa, macho tu ndiyo yaliyoachwa, migongoni wamebeba mitungi yenye mirija mirefu, moshi umewazunguka. Ungeona hivyo ukiwa nyumbani na watoto wako ungesema hao wapigwe tu. Lakini katika video nzima, juu ya vichwa vyao kulikuwa na miti, na miti ile ilisimama kwenye mistari iliyonyooka kama iliyopimwa kwa kamba. Moshi ulikuwa unatoka kwenye mirija na kupanda juu, unaingia kwenye matawi, unatulia kwenye majani. Mtu mmoja alizunguka mti mmoja taratibu, akaumaliza, akahamia wa pili.

Kisha kioo kizima kikawa cheupe.

Walburga aliirudisha video nyuma, akaitazama tena ile mistari ya miti. Kituo chake cha kwanza cha kazi kilikuwa Tunduru. Alipanga chumba jirani na shamba la mikorosho, na msimu kama huu mwenye nyumba alikuwa akipiga kelele alfajiri: anueni nguo, wanapuliza! Asiyeanua alivaa sare yenye unga wa manjano na harufu ya kiberiti wiki nzima.

"Careen, kwenu mnalima nini?"

"Mahindi na maharage. Kwa nini?"

"Basi si kosa lako," alisema Walburga. "Ila mwenzako aliyekuamuru sina hakika kwao wanalima nini."

*

Daimu Abdulswamadu, yule mmoja aliyekamatwa akiwa hai, alikuwa amekaa chini mahabusu, mgongo ukutani, mkono wa kushoto umefungwa bandeji mpaka begani. Alikuwa mtu mzima, wa makamo ya baba yake Walburga, na macho yake yalikuwa mekundu kama ya mtu aliyekesha kwenye moshi.

"Shikamoo, mzee."

Kimya.

"Mzee Daimu, shikamoo."

"Weka shikamoo yako mfukoni," alisema Daimu. "Marahaba yangu siwapi watu wanaonitangaza muuaji redioni. Mnataka nini tena? Mmeshasema yote. Mmebaki kunipa nikariri."

Walburga alichuchumaa ili walingane macho. "Nataka kujua mashine zilikuwa za nani."

"Mashine gani?"

"Za kupulizia. Mlikuwa mnapuliza salfa."

Mzee akamtazama vizuri, toka viatu hadi nywele. Hakukuwa na huruma katika mtazamo ule hata chembe.

"Mbili zangu, mbili za kuazima," alisema polepole. "Tuliingia shambani na umande, kama watu wote. Umande ukikauka unga haushiki jani, na upepo ukiamka dawa yako yote inakwenda kwa jirani. Wewe umeyajulia wapi?"

"Nilikaa Tunduru."

"Kumbe unajua! Unajua, na bado umekuja na pingu kiunoni. Afadhali wale wasiojua."

Ilimuuma. Alimeza mate, akaendelea. "Uliwaambia waliokuhoji?"

Daimu alicheka kicheko kikavu. "Niliwaambia siku ya kwanza. Nikasema huo unga ni salfa. Wakaandika: salfa. Kijana mmoja akafungua simu yake kuangalia salfa inatengeneza nini, akasoma kwa sauti, inatengeneza baruti. Lo, walivyofurahi! Wakapigana mabega. Amekiri, amekiri. Basi toka hapo nikafunga mdomo, maana kila nikisema ukweli najikazia kitanzi."

"Na vitambaa usoni?"

"Wewe ukipuliza kitu kile bila kitambaa utaishi?"

Alivuta bandeji begani. Aliposema tena sauti ilikuwa imeshuka, na ilikuwa mbaya zaidi kuliko ile ya ukali.

"Yule wa mbele kwenye sinema yenu, yule mnayemwita mvamizi, ni mwanangu Salum. Amezaliwa palepale. Kitovu chake nimekizika mwenyewe chini ya mkorosho aliokuwa anaupuliza. Sikumwosha, sikumsalia, sikumzika. Sijui hata mmemtupa wapi. Sasa ondoka, mama. Nimemaliza."

Walburga alisimama. Shikamoo yake ilikuwa bado haijajibiwa.

*

Chumba cha vielelezo kilikuwa mlango wa pili. Alichukua mfuko wa plastiki wenye shati la Daimu, akaufungua, akanusa. Ilikuwa harufu ya chumba chake cha Tunduru, hakuna tofauti. Kisha akaiona mifuko iliyoitwa malighafi ya mabomu, ile ambayo alasiri ingepangwa mbele ya waandishi. Ilikuwa imesimamishwa kwa utaratibu kando ya ukuta, na yote ilionyesha upande mmoja, mweupe, usio na herufi hata moja. Mifuko ya dukani haisimami hivyo kwa bahati. Mtu alikuwa ameihangaikia.

Akaugeuza mmoja. Upande wa pili kulikuwa na picha ya tawi la mkorosho, na maandishi makubwa ya kijani: SALFA YA UNGA. ZAO LA KOROSHO. RUZUKU YA SERIKALI. HAIUZWI.

"Rudisha ulivyokuwa."

Alikuwa afande Fulgence Mbawala, bosi wake, amesimama mlangoni na mikono mfukoni.

"Afande, umeusoma huu?"

"Nimeusoma kabla yako. Rudisha."

"Tumempa wenyewe hiyo salfa! Serikali imemgawia mzee wa watu dawa ya mikorosho yake, kisha ikamwita gaidi kwa sababu ananuka dawa ile!"

"Punguza sauti." Fulgence aliingia, akafunga mlango kwa kisigino. "Sikiliza, na usikilize vizuri. Ndege si zetu. Ni za muungano. Tukisimama leo tukasema wamewapiga wakulima, kesho haziruki. Zisiporuka, wiki ijayo waasi wamevuka mto, wako Tunduru mjini wanachinja watu sokoni. Mkorosho wa Daimu na watu wa soko zima, wewe utachagua nini?"

"Hao waasi watavuka zaidi ndege zikipiga mahali wasipokuwepo."

"Ebo! Siku hizi umekuwa jenerali?" Fulgence alisogea karibu mpaka Walburga akahisi pumzi yake ya kahawa. "Nilikutuma umtafute aliyevujisha. Sikukutuma kunusa mashati. Wewe ndiye mpelelezi wa zamu, kwa hiyo alasiri vielelezo utavipanga mezani wewe, kwa mkono wako. Upande mweupe kwa waandishi. Ukinichezea, utakwenda kulinda kizuizi cha barabara mpaka ustaafu, na nitahakikisha hakipitiwi hata na baiskeli."

Walburga aliurudisha mfuko ukutani. Shati akabaki nalo.

*

Alirudi Msamala wakati waandishi wameanza kujaa uani, wamejifunga majaketi, wanagombea viti kwa kelele. Valence alikuwa ofisini anafanya mazoezi ya kusoma taarifa mbele ya dirisha. Mashine ya kusaga ilikuwa inanguruma ng'ambo ya ukuta.

"Umepata jina?"

"Nimepata."

Alitoa simu, akaichezesha ile video iliyovuja, akaiweka kwenye kisahani cha kikombe. Mngurumo wa simu na mngurumo wa ukuta ikachanganyika, na hungeweza kusema upi ni upi. Kisha wa simu ukafifia na kukata, jinsi mashine ile inavyofanya msagaji akizima mota.

"Nyumba hii ina kompyuta mbili zenye video nzima," alisema Walburga. "Ya Careen iko kwenye chumba kisichosikia hata radi. Ya pili ni hiyo mbele yako."

Valence alijikausha. "Mjini hapa mashine za kusaga ni utitiri. Hiyo si hoja, hiyo ni porojo."

"Huenda." Walburga akafungua mfuko wa plastiki, akalitoa shati, akalikunjua taratibu juu ya makaratasi ya taarifa. Unga mwembamba ukamwagika kwenye mikunjo. Alilishika kwapani na kwenye kola, akasugua kitambaa kwa vidole kama fundi anayekagua nguo, kisha, akiwa anawaza mengine, akainua kidole kujifuta jicho.

"Usiguse macho!"

Valence alikuwa amesimama, amemshika kifundo cha mkono. Alikuwa ametoka nyuma ya meza haraka kuliko mtu mwenye suti ile anavyotakiwa kutoka.

"Kwa nini?" aliuliza Walburga.

"Itakuwasha mpaka... Nawa kwanza. Nawa kwa maji mengi."

"Nani amekwambia?"

Valence akauachia mkono.

"Mtu anayedhani hii ni baruti anaogopa moto," alisema Walburga. "Hakuna anayemwambia mwenzake habari za macho, ila aliyelia na kitu hiki alfajiri akiwa mdogo. Kwenu ni wapi, Bwana Kapinga? Nasikia unawaambia watu ni hapahapa mjini."

Valence alijifuta vidole kwenye skafu yake.

"Lusewa," alisema. "Baba alikuwa na mikorosho Lusewa. Nilikuwa nambebea maji ya kunawa."

"Kwa hiyo video ilipofika uliwatambua palepale."

"Kabla bomu halijafika chini." Alikaa. "Nilipiga simu makao makuu. Nikaambiwa sentensi imeshapitishwa, nitafute picha ya kuendana nayo. Nikaitafuta. Jioni nikarekodi ile nzima, nikairusha. Nikajua mtu ataona miti, atasema."

"Mtu gani?"

"Yeyote! Watu wa korosho wako wengi nchi hii!"

"Wewe ni mmoja wao. Na una kipaza sauti." Walburga aliinama mezani. "Sasa nikuambie ninachotaka. Toka hapo nje, useme neno moja, salfa. Sema umekulia humo. Mzee yule asipande ndege leo. Hilo la kuvujisha tutalimaliza mimi na wewe baadaye."

Valence alichukua shati kwa ncha za vidole, akalirudisha kwenye plastiki. Alipoinua uso alikuwa amesharudi mpishi mkuu.

"Nina mke na watoto, na mama yangu Lusewa anaishi kwa mshahara huu. Ukinitaja, nitasema umetunga kumlinda gaidi. Nitasema wewe na yule binti mnashirikiana. Unadhani watamwamini mwalimu wa kwaya?"

"Uliwaua mara ya pili, Valence. Ndege iliwaua kwa kutojua. Wewe ulijua."

"Toka ofisini kwangu."

*

Uani meza ilikuwa imefunikwa kitambaa cha kijani. Maikrofoni zilikuwa zimefungwa kwa pamoja kama mzigo wa kuni. Daimu aliletwa na polisi wawili, akasimamishwa pembeni kwenye jua hafifu, pingu mikononi, bandeji imeanza kuchafuka. Kamera zikamrukia. Hakuinamisha kichwa.

Walburga alipanga vielelezo. Mitungi iliyopasuka, mirija, shati kwenye plastiki, kisha mifuko, mmoja baada ya mwingine, upande mweupe kwa waandishi. Fulgence, aliyesimama nyuma ya meza, aliangalia kazi ile akatikisa kichwa kidogo, ameridhika.

Valence alisoma vizuri. Lazima kusema ukweli, sauti alikuwa nayo. Alisoma kiwanda cha mabomu, alisoma wavamizi wanne, alisoma mtuhumiwa sugu. Alipofika kwenye harufu ya baruti iliyotanda eneo zima, alisita kidogo tu, kiasi cha mtu kulamba midomo, akaendelea mpaka nukta ya mwisho.

Daimu alikuwa anamtazama. Ule ukali wa mahabusu ulikuwa umemtoka. Alionekana kama mtu aliyesikia jina la mwanawe likizikwa mara nyingine na yeye tena hayupo kaburini.

Basi Walburga akashindwa kujizuia. Hasira ilimpanda, hasira ya moja kwa moja isiyo na hesabu ya kizuizi wala ya pensheni. Akasogea mezani.

Akaugeuza mfuko wa kwanza.

"Walburga," alisema Fulgence chini kwa chini.

"Napanga vielelezo, afande."

Akaugeuza wa pili. Akaugeuza wa tatu. Maandishi ya kijani yakasimama mstari mmoja mbele ya kamera, na tawi la mkorosho kwenye kila mfuko.

Mwandishi wa redio moja ya Tunduru, mama mmoja anaitwa Tabu mwenye ushungi na jaketi la kiume, alisimama akasoma kwa sauti, neno kwa neno, mpaka haiuzwi. Kisha akaishusha maikrofoni.

"Bwana Kapinga, hii si salfa ya korosho? Hii tunayogawiwa na serikali kila msimu? Mimi mwenyewe ninayo stoo."

Valence alitazama karatasi yake. Hakukuwa na sentensi ya hilo.

"Swali linalofuata," alisema.

"Swali linalofuata ni hilohilo," alisema mwingine nyuma. Wa tatu akaliuliza akiwa amesimama juu ya kiti, na simu zikainuliwa juu. Mtu akapiga kelele, tuko hewani, tuko hewani! Afande wa kumpeleka Daimu kwenye ndege, aliyekuwa getini tayari na gari, alionekana akiongea na simu, anaitikia ndiyo, anaitikia ndiyo, kisha akamwashiria dereva azime injini.

Fulgence alimfikia Walburga, akamshika mkono kwa nguvu ya kuacha alama.

"Nilikutuma uniletee anayevujisha!"

"Wa kwanza nitakuandikia jina lake, afande. Wa pili umemwona kwa macho yako."

Alijinasua. Polisi wawili walikuwa wanamrudisha Daimu ndani, hawajui tena wamshike au wamwachie, kila mmoja anamwangalia mwenzake. Mzee alipofika usawa wa Walburga alisimama, nao wakasimama naye.

Walburga alirudi hatua moja nyuma. Hakuthubutu hata kumwamkia tena.

"Marahaba," alisema Daimu. Akainua mikono yake yenye pingu, akaionyesha. "Haya, nifungueni. Nipelekeni nikamzike mwanangu."